Panya wa Maabara na Mkono wa Mkamwana

Mke wa mwanangu aliumia kichwa mwanzoni mwa mvua kubwa, akirudi kwa pikipiki kutoka gulioni Ipinda. Barabara ilikuwa imelowa, gurudumu la mbele likateleza, dereva akaangukia matopeni na yeye akaangukia ukingo wa kalavati. Dereva alichubuka viwiko. Yeye hakuwa na kofia ngumu. Kwetu abiria havai, na dereva mwenyewe huivaa anapokaribia askari.

Alilazwa hospitali kubwa ya Mbeya kwa muda mrefu. Walifungua fuvu wakatoa damu iliyokuwa inaukandamiza ubongo. Mwanangu alikaa naye huko. Mimi na mke wangu tulibaki nyumbani Talatala na mjukuu wetu wa kike, tukavuna kakao, tukaomba, tukasubiri simu. Alipoletwa nyumbani alikuwa hai, na kwa hilo nilimshukuru Mungu mbele ya usharika. Lakini upande wake wa kulia ulikuwa umelegea. Mguu aliuburuta. Mkono ulining'inia na vidole vimekunjamana. Maneno aliyajua, ila yalichelewa kufika mdomoni.

Mkamwana huyu si Mnyakyusa. Ni Mkisi wa ufukweni, mbele ya Matema, ambako milima inashuka mpaka majini na wanawake hufinyanga vyungu. Mama yake ni mfinyanzi, bibi yake alikuwa mfinyanzi, naye alianza kushika udongo kabla hajajua kusoma. Alipoolewa kwetu, kwenye mpunga na kakao, aliendelea kufinyanga kidogo nyuma ya jiko, na nyumba nyingi za jirani zilipikia vyungu vyake. Daktari wa Mbeya alimwambia mwanangu kwamba miezi inayofuata ndiyo ingeonyesha mkono ungerudi kiasi gani. Hilo ndilo swali lililokaa nyumbani kwetu mwaka ule. Wageni waliulizia afya yake, lakini macho yao yalikwenda kwenye mkono.

Tulimpokea kama wagonjwa wanavyopokewa kwetu. Wanawake wa ukoo walikuja na ndizi, mchele na samaki. Walimlaza chumba cha ndani, wakaziba dirisha kwa kitambaa ili mwanga usimuumize. Mjukuu wetu alihamishiwa kwa jirani na redio ikazimwa. Mgonjwa alilishwa kijiko kwa kijiko, akaogeshwa, akachanwa nywele, akashikwa huku na huku kupelekwa chooni. Akijaribu kunyanyua kikombe, mtu alimkimbilia: "Acha, mama, acha, tupo." Kwetu, kumwacha mgonjwa ajihudumie ni aibu ya ukoo mzima, na aibu hiyo hufika kanisani kabla ya kengele ya kwanza.

Mimi sikumwona. Kwa mila yetu mkamwana na baba mkwe hawakutani. Kwa Kinyakyusa tunaita ukutila, yaani kuogopa, lakini maana yake ni heshima. Zamani ilikuwa kali. Mwanamke akisikia sauti ya mkwewe njiani aliingia migombani mpaka apite. Siku hizi wengi wameiacha, hasa wanaokaa mijini. Nyumbani kwangu tulibakiza kiasi: haketi nilipoketi, hapiti mbele yangu, hatutazamani usoni, na nikiwa na neno namwambia mke wangu, naye humfikishia. Nimekuwa mwinjilisti miaka mingi, na sasa nimestaafu. Sikuwahi kuona kwamba Injili inagombana na heshima. Naye, ingawa alitoka kwa Wakisi, aliishika mila hii kuliko mabinti wengi wa kwetu.

Baada ya majuma kadhaa tulianza kumpeleka kliniki mjini Kyela, kwenye kitengo wanachokiita cha utengamao, yaani kumrudisha mtu katika shughuli zake. Gari likikodiwa mimi nilikaa mbele, yeye na mke wangu nyuma. Kliniki mimi nilikaa nje, kwenye benchi lililo chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo nilisikia yote bila kuona kitu.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa binti mwongeaji, wa kutoka mkoa mwingine, ambaye Kinyakyusa chake kiliishia kwenye "ndaga," asante.

"Nyumbani anafanya nini?" aliuliza.

"Hafanyi kitu, mwanangu," mke wangu alijibu kwa fahari. "Tunamfanyia yote."

"Anakula kwa mkono gani?"

"Kwa wangu."

Kisha yule binti akasema, "Mama, naomba nikusimulie habari za panya."

"Panya?"

"Ndiyo, panya."

"Sisi ni watu wa mpunga, mwanangu. Habari za panya tunazo za kutosha."

Binti alicheka, lakini alisimulia. Alisema watu wakitaka kujua ni nini kinachomsaidia mtu aliyeumia ubongo, hawawezi kuwaumiza watu vichwa ili wapime. Kwa hiyo huko maabara wanawalaza panya kwa dawa ya usingizi, wanawajeruhi ubongo kwa kipimo kinachojulikana, kisha wanawagawa. Wengine hukaa kila mmoja peke yake katika kizimba kitupu, kisafi, chakula na maji vikiwa puani. Wengine huwekwa wengi pamoja katika kizimba kikubwa chenye ngazi, mabomba ya kupenya na vitu vya kuchezea vinavyobadilishwa mara kwa mara. Wale wenye wenzao na shughuli huonekana kupona vizuri zaidi. Hukumbuka njia, hutembea juu ya ubao mwembamba bila kuanguka. Tena kuna wanaofundishwa kupitisha mguu wa mbele ulio dhaifu katika upenyo na kuchukua kidonge cha chakula, tena na tena, kila siku. Mguu unaotafuta kitu hurudi zaidi kuliko mguu unaochezeshwa tu.

"Kwa hiyo sisi tumemweka kwenye kizimba kitupu," mke wangu alisema.

"Kisafi, mama, na chenye upendo. Lakini ni kitupu."

"Unamfananisha mkamwana wangu na panya."

"Ninamfananisha na mgonjwa yeyote, hata mimi kama ningeumia. Na sikwambii kwamba panya ni mtu. Zipo dawa zilizowaponya panya, zikaletwa kwa watu, hazikufanya lolote. Lakini hili la mazoezi na kuwa na watu limejaribiwa kwa watu pia, na linasaidia. Siku zile za kwanza za utulivu hamkukosea. Hata panya akilazimishwa mapema mno jeraha hukua. Kosa ni kwamba utulivu haukuisha."

Hapo nilisikia sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu ajali. Ilikuja polepole, neno baada ya neno.

"Hao panya… walipewa… nini?"

"Kidonge kitamu, dada. Cha sukari."

"Mimi… mbasa."

Mke wangu na yule binti walicheka mpaka nesi akachungulia mlangoni. Mbasa ni samaki mzuri kuliko wote wa ziwa letu. Mimi niliinama nikatazama viatu vyangu, kwa sababu haikufaa kucheka naye.

Nilitafakari habari ile njiani na siku zilizofuata. Nimeua panya wengi. Ghalani kwetu mitego hutegwa mavuno yakiingia, na asubuhi watoto huwatupa nje bila kuwaza. Sikuwahi kufikiri kwamba mahali fulani, katika nchi nisiyoijua, mtu msomi anamwinamia panya mmoja siku nzima na kumhesabia kila mara anaponyoosha mguu. Wala sikujua niseme nini kuhusu jeraha wanalompa. Ni kiumbe wa Mungu na hakuombwa ruhusa. Sikupata jibu safi. Nilichopata ni kwamba kama faida imekwisha kufika mezani kwangu, siwezi kula bila kushukuru.

Kwa hiyo katika sala ya nyumbani, jamaa wakiwa wamejaa sebuleni, nilimshukuru Mungu kwa madaktari, kwa mtaalamu wa kliniki, na kwa panya ambao kwa maumivu yao tumejifunza. "Amina" ilichelewa kuja. Nilipofumbua macho kaka yangu mkubwa alikuwa amefumbua yake zamani, na ananitazama.

"Mdogo wangu," alisema watu walipoanza kunywa chai, "miaka yote ile ya chuo cha uinjilisti, umeishia kuwaombea panya?"

"Sikuwaombea, kaka. Nimeshukuru kwa ajili yao."

"Basi ukiongea nao tena, waambie waache mpunga wangu."

Tulibadilisha mambo. Dirisha lilifunguliwa, mjukuu akarudi na kelele zake, redio ikawashwa. Kikombe kiliwekwa upande wa kulia. Mkono wa kushoto, ulio mzima, ulifungwa kwa leso kwa muda kila siku kama tulivyoelekezwa, ili ule wa kulia usipate wa kuutegemea. Shangazi mmoja alimwona anamenya ndizi kwa vidole vile vilivyokunjamana, ndizi imeanguka, ameiokota, imeanguka tena, na hakuna anayemsaidia. Aliondoka analia, akasema njia nzima kwamba tumeanza kumtesa mtoto wa watu. Mke wangu alivumilia. Na mbasa aliyemtaja kliniki hatukumsahau. Kipande kiliwekwa kwenye sahani, mbali kidogo, na aliyekitaka alikifuata.

Mkono ulianza kuitikia, ila kidogo, kisha ukasimama. Hapo ndipo tulipoiona nyumba yetu ilivyo.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mteremko, na wakati wa masika ni utelezi mtupu. Jiko liko huko. Mtu anayeburuta mguu hawezi kwenda jikoni bila kubebwa. Mahali pekee penye sakafu ya saruji, sawa, pana, penye ukuta wa kushika na penye watu wanaopita, ni kibaraza cha mbele. Na kibaraza cha mbele ndipo ninapoketi. Tangu nistaafu, asubuhi niko hapo, jioni niko hapo. Wageni wanaokuja kwa ushauri au kwa maombi wananikuta hapo. Mimi nikikohoa tu, mkamwana aliyekuwa amefika mlangoni kwa kushika ukuta anageuka na kurudi ndani.

"Baba," mke wangu aliniambia, "tumemtoa kwenye kizimba kimoja tukamkuta kwenye kingine. Mlango wa hiki cha pili ni kiti chako."

Nilichukua kiti changu nikahamia kwenye kibanda cha kukaushia kakao. Lakini wageni walinifuata kule kule, kwa sababu walikuja kwangu, na kibaraza kikabaki hakina mtu. Mke wangu alisema mgonjwa alitembea pale peke yake kama mlinzi. Kizimba kikubwa, lakini bado kitupu. Na mvua iliponyesha kwa upepo kibanda hakikukalika.

Nikasema, "Mwambie mimi nimemruhusu. Akae kibarazani nami nikiwapo. Ni kwa ajili ya dawa."

Mke wangu alikwenda, akarudi. "Amesema ndaga fijo, asante sana. Amesema hajui jinsi ya kuruhusiwa."

Ubongo wake ulikuwa umesahau majina ya miezi. Jina la mchungaji wetu lilimpotea, na siku moja alimwita mumewe kwa jina la kaka yake. Lakini hili la ukutila halikutikisika. Yule binti wa kliniki alisema mambo ambayo mwili umeyarudia miaka mingi hukaa mahali pa ndani zaidi, na mara nyingi ajali haiyafikii. Nilisikiliza hilo kutoka kwenye benchi langu nje ya dirisha.

Tulifunga kitenge. Wazo lilikuwa la mwanangu. Alipigilia misumari miwili, akakata kibaraza katikati kwa kitenge cha mama yake, upande huu mimi na wageni wangu, upande ule mgonjwa na wanawake. Kaka yangu alipokiona aliuliza kama tumefungua kinyozi. Kwa muda tuliona ni busara. Mkamwana aliketi kule, akapepeta mchele kwa mikono miwili, akachambua maharage. Lakini kule nyuma ya kitenge hapakuwa na sauti. Mke wangu na jirani wakiongea, yeye alijibu kwa kunong'ona. Akiangusha ungo alishtuka na kubaki ametulia mpaka ahakikishe sijageuka. Mazoezi alifanya yote, kama mtoto anayefanya kazi ya shule mbele ya mwalimu mkali. Mkono haukusonga.

Mama yake alikuja wakati huo. Alishuka kwa mtumbwi mpaka Matema, akapata gari la mizigo mpaka Ipinda, amebeba donge kubwa la udongo wa kwao limefungwa kwa majani ya mgomba lisikauke. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti inayovuka maji. Aliweka udongo nyuma ya kitenge, akaketi chini na binti yake, nikasikia makofi ya kulainisha donge. Walifinyanga kidogo. Siku ya tatu au ya nne alikuja upande wangu. Yeye mila haikumkataza kuongea nami. Alipiga magoti kusalimu, kisha akaketi kwenye mkeka.

"Mkwe, mwanangu hapa hacheki."

Nikamwambia tunamtunza tunavyoweza.

"Mmemtunza. Nimeona na nitasema kwetu. Lakini sikiliza. Sisi tukifinyanga tunasutana tangu jua linatoka. Huyu anasema chungu cha yule kina tumbo kama la mumewe, yule naye anajibu. Mikono inakwenda yenyewe, huijui. Hapa anafinyanga kama yuko kanisani, anangoja mahubiri yaishe. Samahani, mkwe."

"Si kosa."

"Sikuja kumchukua. Nimekuja kumwazima."

Nilimwambia tungempeleka kliniki kwanza tusikie. Tulikwenda wote, nami nikakaa kwenye benchi langu. Mama wa Kikisi alieleza mwenyewe, kwa sauti ile ile, na nadhani hata watu wa duka la dawa walisikia. Yule binti wa kliniki akarudi kwa panya wake.

"Kuna jambo jingine sikuwaambia," alisema. "Panya aliyeumia kichwa akiwekewa gurudumu na kuachiwa akimbie anapotaka, ubongo wake hufaidika. Akiwekwa kwenye mkanda wa kukimbiza, akakimbia kwa kulazimishwa, anakimbia vilevile, pengine hata zaidi. Lakini wakipima damu yake wanakuta imejaa hofu, na faida ile inapungua. Sina hakika kama kwa mtu ni hivyo hivyo. Kwa huyu ninavyomwona, ningependa akafanye kazi mahali asipoogopa."

"Nani anamwogopesha?" mke wangu aliuliza.

Mimi nilikuwa nje, kwenye benchi langu.

Uamuzi haukuwa wangu peke yangu. Kwetu mke mgonjwa akirudi kwao kuna maneno mengi, na mengi si ya kusahaulika. Jioni ile nilimwita kaka yangu na mwanangu. Kaka alisikiliza kila kitu, panya wa kwanza na panya wa pili, akatikisa kichwa.

"Mke haazimwi," alisema. "Jembe linaazimwa. Watu watasema tulimwoa mzima, alipovunjika tukamrudishia mama yake. Hata akipona watasema hivyo. Watasema mwinjilisti alihubiri upendo mpaka mkamwana alipoumwa."

"Watasema," nilikubali.

"Na wewe?" alimgeukia mwanangu. "Unasemaje?"

"Nitamfuata, baba mkubwa."

"Ukafinyange?"

"Nikalete kuni za kuchomea vyungu. Nitarudi kwa kakao na kwa mpunga."

"Mwanamume wa Kinyakyusa, kwa mama mkwe wake, anabeba kuni." Kaka alinitazama aone kama nitasaidia. "Tumefika mbali."

Nikamwambia, "Kaka, swali ni moja. Tunautaka mkono urudi, au tunataka urudi hapa mbele yetu tuuone?"

Hakupenda swali hilo. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Halafu akasema kama ni kwenda, asiende kama mtu aliyefukuzwa. Apelekwe. Ukoo umsindikize, wabebe mchele na ndizi na dumu zima la mawese, wafike mchana kweupe watu wakiwa sokoni, kila mtu aone. Na yeye mwenyewe, kaka mkubwa, atatangulia mbele. Hivyo ndivyo kaka yangu alivyo. Akishindwa jambo hulichukua akaliongoza.

Waliondoka Jumamosi, siku ya gulio la vyungu kule Matema. Mimi sikwenda, kwa kuwa gari lilijaa watu na mizigo, na safari nzima tungelazimika kuketi tumebanana. Niliomba nao uani, yeye akiwa nyuma ya mke wangu, ametazama chini. Nilisema maombi mafupi. Gari lilipokata kona nilifungua kitenge kibarazani nikakikunja.

Habari zilikuja kwa simu, na mtandao huko chini ya milima ni wa kubahatisha. Mara tulisikia anaketi na wanawake wenzake siku nzima. Mara tulisikia ameanguka majini akioga na wenzake wakamcheka, na yeye akacheka. Mke wangu aliuliza kila mara kuhusu mkono, na mwanangu alijibu kila mara kwamba ni vilevile, au kwamba pengine umesogea kidogo, haamini macho yake. Nilijizoeza kutouliza. Nilikuwa nimewaambia watu kanisani miaka mingi kwamba kungoja ni kazi kama kulima, na sasa nilipewa shamba langu la kungojea. Kaka yangu alikuja jioni nyingi kukaa nami. Watu walikuwa wamesema yale aliyotabiri, naye aliwajibu wote kwa ukali kuliko nilivyoweza kufanya mimi.

Mpunga ulipoiva mwanangu alirudi kusaidia kuvuna, kama alivyoahidi. Alifika adhuhuri, amekonda kidogo, ana harufu ya moshi. Alisalimu, akapewa maji. Mke wangu aliona shati lake lina doa kubwa la udongo begani, limekauka, jeupe.

"Na hili ni nini? Hukuoga ukija kwetu?"

"Ni mke wangu," alisema. "Jana jioni. Sikupata nafasi ya kufua."

"Amefanya nini?"

"Nilikuwa nashusha kuni. Wanawake wote wameketi, nikawaambia chungu cha mke wangu kimeinama kama mtu aliyetoka kilabuni. Wakaanza kupiga makofi na kucheka. Akaokota donge la udongo akanitupia."

Mke wangu aliweka chini ungo aliokuwa ameshika.

"Kwa mkono gani?"

Mwanangu aligusa bega lake. Nadhani mpaka wakati ule alikuwa anasimulia habari ya shati.

"Wa kulia," alisema.

"Una hakika?"

"Mama, wote waliona. Wakanyamaza ghafla. Hata yeye alibaki ameutazama mkono kama si wake, halafu akaanza kunitukana tena."

"Na donge likakupata?"

"Likanipata. Nilikuwa mbali, na likanipata."

Mke wangu alinigeukia. Nilikuwa nimesikia. Nilimwambia mwanangu avute kiti aketi, atusimulie tena tangu aliposhusha kuni, polepole, na asiruke kitu.